La Kuvunda

Wapitao Hale hufunga vioo vya basi.
Mkonge unanuka, wanasema.
Kweli unanuka: yai viza, choo cha shule,
nguo iliyolala mbichi sandukuni.
Lakini ninachokitafuta mimi hakina harufu.

Ndoo nilinunua sokoni Muheza, ya bluu, elfu sita.
Nikaitoboa kitako, nikatia mpira na bomba jembamba,
nikaivika maboya ya ndala kuukuu
na kuipindua juu ya bwawa la tatu.
Kwenye ripoti ina jina refu.
Mhina, anayeshika kamba ukingoni,
anaiita Chungu cha Bi Mkubwa.

Dakika sifuri, navuta sindano.
Dakika kumi, navuta.
Ishirini. Mapovu yanapanda katika uji wa kijani,
moja, kisha mengi, kisha kimya,
kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.
Thelathini. Namba ya chupa naiandika kwa penseli,
maana wino hauelewani na jasho.

Hesabu ya jani la mkonge ni hii:
katika kilo mia, nyuzi ni kilo nne.
Nne zikawa kamba, magunia, mazulia ya watu wa mbali.
Nne zikapandisha ghorofa mjini Tanga.
Tisini na sita zikasukumwa mferejini,
na huko chini, pasipo hewa,
vijidudu vikongwe kuliko miti
vinakula tulichokitupa
na kuipumua methane.

Baba alikuwa mtu wa korona.
(Hapa kwetu hilo ni jina la mashine. Lilitangulia ugonjwa.)
Babu Mligo aliletwa kwa lori la manamba kutoka Njombe;
Baba alizaliwa kambini,
akailisha korona majani miaka thelathini na mmoja.
Ikamla vidole viwili. Akaendelea na vinane.
Jioni alirudi ananuka bwawa.
Mama alimwekea maji nje, na kipande cha sabuni ya mche,
nasi watoto tukaziba pua, tukacheka.

Mhandisi wa shamba ananiuliza:
Daktari, kama hainuki, haionekani,
wala haijamuuma mtu, kosa lake nini?
Namuuliza kama amewahi kulala na blanketi mbili
usiku wa Februari.
Anacheka. Namwonyesha grafu. Haichekeshi.
Kwa miaka ishirini ya mwanzo, kilo kwa kilo,
hushika joto mara themanini
kuliko hewa itokayo kwenye bomba la gari lake.
Mhina anadakia: Si ndiyo hiyo hiyo gesi ya kupikia?
Basi mama zetu wanakata kuni za nini?
Mhandisi anaitazama saa.

Kitu kimoja sikumwambia.
Methane haikai sana hewani,
miaka kumi na miwili hivi.
Na Baba ana miaka kumi na miwili tangu tumzike.
Lile fungu la mwisho alilolisha,
Jumamosi, zamu ya nusu siku,
liliteremka mferejini, likaoza, likapanda,
likasambaa hadi mahali pasipojulikana mkonge ni nini.
Nimepiga hesabu usiku, nyuma ya daftari la kazi:
theluthi moja na ushei bado iko juu.
Theluthi ya Jumamosi ile
inatupasha joto tusiloliomba,
na hakuna aliyemlipa kwa hilo, wala kumlaumu.

La kuvunda halina ubani, walituambia,
tukaelewa kwamba tuliache livunde.
Mimi nimelijazia chupa arobaini na nane,
nimezipanga kwenye kasha, safari ya Morogoro.
Abiria wa pembeni yangu amefunga kioo.

Ya kumi na saba mpira wake umelegea.
Imejaa hewa ya kila mtu, haifai.
Jumatatu nitarudi na ndoo.